Mfadhili akikata hela ghafla: jinsi ya kuishika timu yako, hatua kwa hatua

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilitangaza kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili iipitie upya, tarehe 24 amri za kusimamisha kazi zikaanza, na ilipofika tarehe 10 Machi tukasikia asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Mi nilikuwa nasimamia timu ya watu 19 kwenye mradi wa VVU ngazi ya jamii hapa Tanzania, hela yetu inapitia kwa shirika kubwa. Nilipopata barua pepe ya kusimama nilikaa kimya siku nne nikisubiri niwe na jibu kamili, na ndo kosa lililoniuma kuliko yote, maana stafu walikuwa wanaokoteza habari kwenye magrupu ya WhatsApp na dereva wetu alishatangaza kuuza pikipiki yake. Jibu kamili halikuja hata mwezi wa tatu. Kwa hiyo fanya hivi.

Hatua ya 1: Kaa na mhasibu, siku hiyohiyo

Hela iliyopo benki sio yote yako. Tenga ya mradi uliosimamishwa, usiiguse mpaka usome kipengele cha kusitisha kwenye mkataba wa ruzuku uone gharama zipi bado zinakubalika. Inayobaki ndo ya kupumulia. Afu andika madeni: mishahara, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mishahara), kodi ya ofisi, likizo ambazo watu hawajachukua, notisi ya siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo, ambacho kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mtu wa miaka 6 anakudai mshahara wa siku 42, sasa zidisha kwa timu nzima. Mkurugenzi asiyeijua hii namba anaendelea kulipa mishahara mpaka akaunti inakauka, halafu watu wanaondoka mikono mitupu, na hilo mi naliona ni dhuluma hata kama hakukusudia.

Hatua ya 2: Itisha kikao ndani ya saa 24

Sema vitu vitatu tu: tunachojua, tusichojua, na lini tutaongea tena. Mfano: "Barua imefika jana, kazi za mradi zimesimama. Mishahara ya mwezi huu ipo, ya mwezi ujao sijui. Ijumaa saa nne asubuhi tunakutana hapahapa." Na Ijumaa ikifika kutaneni hata kama huna jipya, waambie sina jipya. Usiahidi "tutakuwa sawa" kwa sababu kuna mtu atachukua mkopo wa ada ya watoto kwa neno lako hilo.

Wahudumu wa kujitolea wanaolipwa posho nao wawepo, hawa huwa tunawasahau wakati ndo wanaojua milango ya watu.

Hatua ya 3: Wateja wako wasipotee

Hapa ndo tumbo lilinikata. Amri ikisema simama huwezi kuendelea kutembelea kaya kwa jina la mradi, lakini unaweza kumwandikia aliyekupa ruzuku, kwa maandishi, kuomba ruhusa ya kukabidhi. Mwanzoni mwa Februari ilitoka ruhusa maalumu ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha, dawa za ARV (za kufubaza VVU) zikiwemo, ila haikugusa kila kitu. Sisi tulikabidhi orodha ya wenye hali ngumu kwa muuguzi wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), mkono kwa mkono, tukaanza na watoto na wajawazito. Majina haya usiyatume WhatsApp kabisa, na simu za kazi zikirudishwa hakikisha zimefutwa taarifa za wateja.

Hatua ya 4: Kabla ya kupunguza mtu, ongea

Sheria inataka utoe taarifa ya nia ya kupunguza, ueleze sababu, ushauriane nao njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo na malipo, kama kuna chama cha wafanyakazi nacho kiwepo. Usilifanye kama kutimiza karatasi. Kwetu wazo la kufanya kazi siku tatu kwa wiki lilitoka kwa afisa takwimu, wakakubaliana na kusaini, na ikatupa wiki sita zaidi. Mshahara wa kwanza kukatwa uwe wa mkurugenzi, na watu waione hiyo karatasi.

Hatua ya 5: Wanaoondoka, na wanaobaki

Anayeondoka mpe cheti cha utumishi na barua nzuri siku yake ya mwisho, asifuatilie miezi mitatu, na msaidie nyaraka za fao la kukosa ajira NSSF. Anayebaki usimrundikie kazi za watatu. Chukueni karatasi muandike kazi ambazo hazitafanyika tena, afu ipelekeni kwa bodi isaini, ili mwezi ujao mtu asiulizwe ripoti ambayo hana wa kuiandika.