Kabla Hujawasha Pampu: Kupima Vurugu za Maji Ukutani mwa Bomba

Kwa maneno, kipimo hiki cha vurugu za maji ukutani mwa bomba ni chepesi. Waya mwembamba wa platinamu unapachikwa ukutani mwa bomba na kufanywa kathodi, yaani ncha inayotoa elektroni. Ioni za ferisianidi, chembe zenye chaji zilizoyeyushwa ndani ya maji, zikiugusa huchukua elektroni, na maji yakikaza mwendo mkondo wa umeme unapanda. Mhandisi wa kemikali Thomas Hanratty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walikitumia kipimo hiki tangu miaka ya 1960. Kazi yenyewe iko kwenye matayarisho.

Anza na waya. Usugue mpaka kidole kikipita ukutani kisihisi ncha yake, maana kijinundu kidogo tu kinazua vurugu zako mwenyewe. Anodi, ile ncha ya pili ya umeme, iwe kubwa mara nyingi kuliko kathodi, na ikae mbele, maji yanakoelekea.

Maji ya mfereji hapa Unguja yaache; ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na chokaa yake ikikutana na hidroksidi ya sodiamu tunayoichanganya na ferisianidi hugeuka utando juu ya waya. Tumia yaliyotoneshwa. Na bomba likiwa na ukoko wa chokaa, lisafishe kwa tindikali kabla, kisha lisuuze vizuri mno. Tindikali na ferisianidi havikutani: hutoka gesi ya sianidi, na hiyo haina mzaha.

Mchanganyiko huo wa maji, ferisianidi na hidroksidi ufunike usipigwe na mwanga. Mimi niliwahi kuacha ndoo karibu na dirisha. Baada ya siku chache ile rangi ya manjano ilikuwa imechafuka na waya umeota utando. Pitisha nitrojeni pia, kwani oksijeni nayo hula elektroni ukadhani ni kasi ya maji.

Sasa joto, ndilo linalotutesa zaidi. Mkondo hufuata kipeuo cha tatu cha mkwaruzo wa maji ukutani, ambao ndio jibu tunalotafuta, kwa hiyo kosa la asilimia 5 kwenye mkondo ni kama asilimia 15 kwenye jibu. Digrii 1 ikiongezeka, ioni husambaa haraka zaidi kwa asilimia 2 hadi 3. Umeme ukikatika, kiyoyozi kimezima, chumba cha saa nne si kile cha saa nane. Andika joto la maji yenyewe, mwanzo na mwisho.

Mwisho, pandisha volti kidogo kidogo huku pampu ikienda kasi yake ya juu kabisa. Mkondo utapanda, utatulia, kisha utapanda tena. Fanyia kazi pale ulipotulia. Usipotulia, rudi kwenye waya.