Jinsi ya kumpata buibui-kaa kwenye maua

Ukimtafuta buibui mwenyewe utakesha. Mtafute nyuki aliyetulia kupita kiasi.

1. Toka jua likishachangamka, nyuki wakiwa kazini. Anza na maua meupe na ya njano. Ukiona nyuki au kipepeo ameganda kwenye ua, ukampulizia na haruki, inama polepole uchungulie chini yake.

2. Mtambue. Jozi mbili za miguu ya mbele ni ndefu na imara, zimetandazwa kama za kaa, na hata mwendo wake ni wa upandeupande. Wale wa jenasi ya Thomisus, ambao huku Afrika Mashariki wapo, wana tumbo la pembetatu na vipembe viwili penye macho. Macho yenyewe ni manane.

3. Usimtie kivuli, subiri. Huyu hatandi utando wa kunasia. Nyuki akitua, humdaka kwa miguu ya mbele na kumng'ata nyuma ya kichwa. Sumu humlegeza upesi, ingawa mara nyingi nyuki ndiye mkubwa. Taya zake hazina meno ya kutafunia. Humwingizia majimaji ya kuyeyusha nyama, kisha hufyonza kupitia tundu dogo. Ndiyo maana unayemwona ni nyuki mzima kwa nje, ndani ganda tupu.

4. Funga uzi kwenye shina, urudi kesho. Jike akipata windo la kutosha hukaa ua lilelile siku kadhaa.

MASWALI

– Ni kweli hubadilika rangi kama kinyonga?
Si kwa kasi hiyo. Jike wa Misumena vatia, buibui-kaa wa Ulaya na Marekani Kaskazini, hutoka weupe kwenda njano, na huchukua siku nyingi. Si kila aina huweza.

– Wangu amebeba kidudu chembamba mgongoni. Mtoto?
Yaelekea ni dume. Madume ni wadogo mno, na humpanda jike hivyo wakitafuta kujamiiana.

– Nina mizinga. Niwaue?
Hapana. Buibui mmoja hula nyuki wachache, mzinga una maelfu. Dawa utakayopiga ndiyo itakayokumalizia nyuki.

– Jani limekunjwa na kushonwa kwa nyuzi, naye kalikalia. Nifungue?
Liache. Mayai yamo humo, na jike huyalinda huku akila kidogo tu. Wengi hufa baada ya hapo.