Kumkutanisha samaki klauni na anemoni tangini

Anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri yenye sumu ambaye samaki klauni huishi ndani yake, ndiye wa kutangulia. Wengi hutia samaki kwanza, kisha anemoni ambaye hajajishika vizuri anasuguliwa usiku na mchana mpaka anakataa kufunguka. Mpe wiki 3 au 4 peke yake.

Naye asitiwe kwenye tangi jipya: liwe limekaa angalau miezi 6, amonia na nitriti (sumu zitokanazo na uchafu) sifuri, uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu 1.025 hadi 1.026, joto nyuzi 25 hadi 27. Vipimo visiyumbe. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia kila siku maji matamu safi yasiyo na klorini, kwa kuwa chumvi yenyewe haiondoki.

Kwa anayeanza tunapendekeza anemoni aina ya Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama viputo. Samaki klauni aina ya Amphiprion clarkii humkubali upesi. Klauni aina ya ocellaris hakai naye baharini, ila tangini mara nyingi humzoea. Dukani tazama mdomo ulio katikati: uwe umefumba. Anemoni mweupe pe usimnunue, amepoteza mwani unaomlisha kwa nguvu ya mwanga.

Kabla ya kumleta nyumbani, funika kila pampu kwa sponji. Anemoni hutembea, na akivutwa na pampu hukatwakatwa, maji yakaharibika na samaki wakafa naye.

Mtie kwenye ndoo pamoja na maji aliyokuja nayo. Piga fundo mrija mwembamba wa mpira unaotoka tangini, udondoshe maji ya tangi matone 2 au 3 kwa sekunde, kwa saa 1. Zima pampu, mweke penye ufa wa jiwe: unyayo wake hutaka giza, minyiri hutaka taa. Akihama, mwache achague. Mlishe mara moja kwa wiki kipande cha nyama ya kamba wa baharini kisichozidi mdomo wake. Akikitema baadaye, kilikuwa kikubwa.

Sasa samaki. Chukua wawili wadogo waliopishana ukubwa, maana wote huanza madume na mkubwa ndiye atakayegeuka jike. Punguza taa, waachie karibu na anemoni. Utamwona mmoja akigusa mnyiri kwa ncha ya pezi, anaruka kando, anarudi tena. Ute wa ngozi yake unazoea sumu kidogo kidogo. Huenda ikachukua saa chache, huenda miezi. Usimsukume kwa wavu kamwe, atakimbilia upande wa pili wa tangi na kubaki huko. Wakichelewa sana, wazungushie samaki na anemoni pamoja kikapu cha plastiki chenye matundu kwa siku 2.

Samaki akiwa mkubwa kuliko mwenyeji wake, anemoni husinyaa. Mtenge samaki huyo kwa kikapu hicho hicho mpaka anemoni afunguke. Kusinyaa kwa saa chache na kutoa uchafu wa kahawia ni kawaida. Ila mdomo ukiachama, nyama ikilegea na kunuka uvundo, amekufa: mtoe saa hiyo hiyo, badilisha robo ya maji, weka kaboni (mkaa wa kusafisha maji) kwenye chujio.