Jinsi ya kuomba kibali cha kutumia panya katika utafiti wa picha za figo, ukiwa Mtwara

Watu wengi huanza na mashine. Wanauliza altrasaundi ipo wapi na nani atakubali kuazimisha. Kamati ya maadili inauliza mengine kabisa: panya wako atakunywa nini njiani, na nani atamwangalia saa nane usiku. Ukiyajibu hayo vizuri, yaliyobaki ni karatasi na mihuri.

Anzia kwenye taasisi iliyokusajili. Kama unasoma Morogoro au Dar es Salaam na kazi unaifanyia huku kusini, ombi linapita kule kwanza. Hakikisha kamati hiyo inapitia tafiti za wanyama, maana iliyozoea tafiti za watu inaweza isiwe na daktari wa mifugo hata mmoja. Isome Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 kabla ya kuitaja, kwa sababu watakuuliza. Maombi ya kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, usiyaguse mpaka uwe na nakala ya kibali cha maadili mkononi.

Kwenye idadi, usiandike panya 40 kwa kuwa rafiki yako aliandika 40. Eleza kila kundi lina wangapi na kwa nini. Hapo picha zinakubeba: panya yuleyule unampiga picha siku ya 0, ya 7 na ya 14, badala ya kuua kundi zima kila hatua ili upasue figo. Hoja ya kupunguza idadi ya wanyama wanasayansi Russell na Burch waliiweka wazi tangu 1959, na wanakamati wanaipenda.

Safari nayo iandikie aya yake. Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na mvua ina maamuzi yake. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Weka vipande vya tango ndani ya vizimba vya safari, kwani chupa ya maji humwagika kwenye matuta. Wakifika, wape wiki nzima ya kupumzika kabla ya kipimo chochote.

Chumba kiwe kati ya nyuzi 20 na 24. Kwa joto letu feni haitoshi, kwa hiyo taja kiyoyozi, jenereta na mwenye funguo zake. Kama jengo limezungukwa na mikorosho, sema utafanyaje msimu wa kupuliza salfa. Vumbi lile linaingia kila upenyo, na panya hana pa kukimbilia.

Sasa figo yenyewe. Mtu akienda kupigwa altrasaundi ya tumbo mara nyingi huambiwa asile, na waombaji wengi hunakili agizo hilo. Panya hawezi kutapika, hivyo kumshindisha njaa kabla ya dawa ya usingizi hakumkingi na chochote. Maji ndiyo usimnyime kamwe. Akikaukiwa, damu inayofika kwenye figo hupungua, uchujaji hushuka, na picha itakuonyesha ugonjwa ambao umeutengeneza mwenyewe. Ukimchoma kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) yenye ayodini akiwa katika hali hiyo, unaweza kumuumiza figo kweli.

Dawa ya usingizi ichague ukiifikiria figo. Zailazini, dawa ya kutuliza ambayo wengi huichanganya na ketamini, hupandisha sukari na kuongeza mkojo. Kibofu kinajaa ukiwa bado unaitafuta figo ya kushoto. Ukipata aisoflureni, ambayo panya huivuta kama hewa, ni bora: asilimia 3 hadi 5 kumlaza, kisha 1 hadi 3 kumweka usingizini. Ketamini ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo ambatisha maelezo ya utakavyoipata kwa kufuata utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na itakakofungiwa.

Ombi langu la kwanza lilirudishwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: “Baada ya picha?” Nilikuwa nimeandika “panya atarudishwa kizimbani”, basi. Nilinuna. Kisha nikakumbuka siku ya mazoezi: meza ya chuma, tumbo limenyolewa, jeli imetoka kwenye chumba chenye baridi. Ndani ya dakika chache nyayo zake zilikuwa zimepauka na thamometa inasoma 34. Nilikuwa natazama kioo cha mashine, simtazami yeye.

Kwa hiyo chora jedwali. Kila dakika 5: pumzi, joto la ndani likae karibu na 37, rangi ya nyayo, na kama anavuta mguu ukimbana kidole. Pasha jeli moto kidogo, weka kitu cha joto chini yake, mpake mafuta ya macho. Baadaye asiachwe peke yake mpaka asimame, wala asirudishwe kwa wenzake akiwa bado analewalewa. Kila siku pima uzito na maji aliyokunywa. Wekundu kuzunguka macho mara nyingi si damu, ni majimaji ya tezi yanayojitokeza panya akiwa na dhiki, uandike. Taja pia kikomo: panya wa gramu 250 akifika 200 amepoteza asilimia 20, na hapo anatolewa kwenye utafiti au anauawa bila maumivu. Jina la atakayeamua liwepo.

Mionzi haina mjadala mrefu. Altrasaundi haina mionzi. Ukitumia CT, inayopiga kwa eksirei, mashine na chumba viwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC). Panya kwenye chumba cha wagonjwa mimi sishauri, hata ukiruhusiwa usiku. Zungumza mapema na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA), wana kituo hapa Mtwara, na daktari wa mifugo utakayemwandika awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Vibali vikishatoka, peleka barua ya utambulisho kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Beba nakala za ziada, kila dirisha litabaki na moja. Nakala nyingine ibandike mlangoni mwa chumba cha panya, pamoja na namba ya simu ya daktari wa mifugo na ya yule mwenye funguo za jenereta.