SOMO: Tangazo la albamu ya bendi, kuanzia picha hadi bango la barabarani

Abiria wa daladala anayepita Buzuruga, hapa Mwanza, analiona bango lenu kwa sekunde tatu au nne. Hajasikia hata mlio mmoja wa gitaa, ila ameshaamua kama ninyi ni bendi ya harusi, kwaya au vijana wa singeli. Kwa hiyo kabla hamjafungua programu yoyote ya kuchorea, kaeni bendi nzima muandike sentensi moja inayosema ninyi ni nani. Mfano: "Bendi ya dansi ya watu saba, magitaa mbele, muziki wa watu wazima kucheza." Kisichobeba sentensi hiyo kitoke kwenye tangazo, hata kama ni kizuri.

1. Picha

Hapa ndipo bendi nyingi zinajiumiza. Mwimbaji anawekwa mbele kwa ukubwa mara mbili, wengine wanachungulia nyuma ya mabega yake. Tangazo la hivyo linasema kuna msanii mmoja na vibarua wake. Akihama, albamu inahama naye vichwani mwa watu, na mpiga solo aliyetunga nusu ya nyimbo anabaki hajulikani.

Kama mnajiuza kama kundi, vichwa vyote vikaribiane ukubwa. Watu saba wapangeni safu mbili: watatu wakae mbele, wanne wasimame nyuma, na umbali kati ya safu usizidi hatua moja. Kila mtu ashike chombo chake jinsi anavyokipiga kweli. Mpiga tumba asiye na tumba ni mtu aliyesimama tu.

Msitumie ile lenzi pana ya simu, yenye alama ya 0.5. Inavuta kingo za picha, na aliye pembeni anatoka na kichwa kirefu kama papai. Tumieni 1 au 2, mpiga picha arudi nyuma.

Kuhusu Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani: linasema Mwanza, halisemi bendi. Limeshatumika kwenye kalenda na matangazo ya utalii kiasi kwamba jicho linalipita tu. Kama lazima liwepo, pigeni kati ya saa 1 na saa 2 na nusu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Jioni jua liko upande wa ziwa na nyuso zinageuka vivuli. Binafsi ningechagua mahali mnapofanyia mazoezi, au soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi na mapema, mkiomba ruhusa kwa kila atakayeonekana.

Maji yanayong'aa huidanganya kamera: inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi unakuwa mweusi tii. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo. Mtu mwingine ashike karatasi ngumu nyeupe ya mita moja hivi, irudishe mwanga usoni. Baadaye, kabla ya kuchapisha, ongeza tena mwanga wa nyuso, kwa sababu wino husambaa kwenye karatasi na kila uso hutoka na giza zaidi ya ulivyouona kwenye kompyuta.

2. Herufi

Fonti mbili, basi. Moja ya jina la bendi, nyingine ya mengine yote. Herufi nene zenye vijiguu (vimikia kwenye ncha zake) hukumbusha dansi la zamani, za mwandiko wa mkono huvuta kwenye harusi na injili, zilizochongoka kama za ukutani huita hip hop. Mkikosea hapo, wanaokuja ukumbini siyo waliowatafuta.

Kwa urefu, hesabuni sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Bango linalosomwa kutoka mita 12 linataka herufi za sentimita 10. Yaandikwe mambo manne kwa mpangilio huu: jina la bendi, jina la albamu, tarehe, inapopatikana. Orodha ya nyimbo iende kwenye jalada.

3. Rangi

Rangi tatu zinatosha, na mkishazichagua zishikeni kwenye jalada, posta, status na flana. Hapo ndipo sura ya bendi inapojengeka. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, alichorewa majalada mengi na Lemi Ghariokwu, na ule mchoro uliojaa watu na siasa za mtaani ulimtambulisha kabla mtu hajasoma jina.

Buluu ya ziwa ndiyo inayoliza wengi. Kwenye simu inang'aa, ikichapwa inakuwa zambarau. Sababu ni kwamba kioo hutumia mwanga (RGB) na mashine hutumia wino (CMYK), na wino wa magenta (waridi iliyokolea) ukikaribia kulingana na wa samawati (cyan), zambarau inatoka. Wekeni samawati asilimia 100 na magenta isizidi asilimia 65.

4. Faili

Jalada la mtandaoni: pikseli 3000 kwa 3000. Status: 1080 kwa 1920, na juu na chini pasiwe na maandishi, maana jina la akaunti na sehemu ya kujibu hukaa hapo. Posta ya A3: milimita 297 kwa 420, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, pikseli 300 kwa inchi. Bango la mita 3 kwa 1 linatosha kwa pikseli 100 kwa inchi, kwa kuwa linasomwa kwa mbali.

Geuzeni herufi kuwa michoro kabla ya kuhifadhi PDF. Msipofanya hivyo, kompyuta ya stationery isiyo na fonti yenu itaweka ya kwake. Faili ikipita WhatsApp, itumwe kama dokumenti, kwani ikitumwa kama picha inabanwa. Chapisheni nakala moja kwanza, mtoke nayo juani muitazame, ndipo muagize 200.

Kibali cha kubandika kinaombwa jiji kwa upande wa Nyamagana, na manispaa kwa upande wa Ilemela.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, tuna wadhamini watatu na kila mmoja anataka nembo yake iwe kubwa, tena juu. Tufanyeje?
Mpe kila mmoja urefu sawa, kwenye mstari mmoja chini, usiozidi sehemu moja ya kumi ya tangazo. Kwa A3 ni kama sentimita 4. Nembo ikikaa juu, shughuli inakuwa ya mdhamini na ninyi mnakuwa watumbuizaji wake. Kubalianeni kabla ya kupokea hela.

Habari za kazi. Tuko Nansio. Posta zetu zilikuwa nyekundu, wiki tatu tu zikawa pinki iliyopauka. Karatasi mbovu?
Karatasi haina kosa, ni wino. Nyekundu ni magenta na njano, na hizo huliwa na jua mapema, hasa kwenye wino wa maji wa printa ndogo. Chapisheni kwa leza, au kwenye stika ya plastiki. Jina la bendi liwe jeusi, ili rangi ikipauka libaki linasomeka.

Asante kwa somo, mwalimu. Mimi ni mwanamke pekee kwenye bendi ya watu sita. Kila mchoraji ananiweka mbele na gauni fupi, wakati naimba nyimbo mbili tu kati ya kumi.
Una haki ya kukataa, dada, na bendi ikuunge mkono. Anayenunua kwa picha hiyo anategemea sauti yako nyimbo zote kumi, na asipoipata ataona amedanganywa. Simama kwenye mstari na wenzako, maiki mkononi, na nguo unayopandia jukwaani.

Mkuu, picha za akili bandia je? Hatuna hela ya mpiga picha.
Simu nzuri na ukuta wenye kivuli vinatosha. Kama mnatumia hizo picha kwa mandhari ya nyuma tu, sawa. Kwa watu na vyombo hapana: hesabuni nyuzi za gitaa, mara nyingi siyo 6, na za besi siyo 4. Wapiga muziki wenzenu ndio wa kwanza kuona.