Spitfire ya Kilindini, 1943: somo la kujenga ndege ambayo haikuwapo

Kanuni yangu katika modeli za ndege za historia mbadala ni fupi: danganya mara moja tu. Ukishadanganya, mengine yote yafuate ukweli.

Uongo wa leo ni huu. Mei 1942 Waingereza waliteremka Diego Suarez, Madagaska. Sisi tunasema Wajapani waliwatangulia. Wakiwa na kisiwa hicho, wanaleta Rufe, yaani Zero, ndege ya kivita ya Wajapani, iliyofungwa maboya ya kutulia majini, ambayo kweli ilikuwapo. Manowari za Waingereza zilizohamia Kilindini mwaka huohuo baada ya Colombo kushambuliwa sasa zinahitaji ndege ya kivita inayoweza kuruka kutoka Lamu au Pemba bila kiwanja.

Na ndege hiyo wanayo! Kampuni ya Folland ilizifunga maboya Spitfire tatu, ndege za kivita za Waingereza, za toleo la tano (Mk V), na ya kwanza iliruka Oktoba 1942. Zilipelekwa Misri mwaka 1943, zikakaa kwenye Ziwa Chungu Kubwa zikisubiri vita vya visiwa vya Ugiriki, na hazikuwahi kupigana. Sisi tunazileta Mombasa, basi.

Hatua ya 1. Tafuta seti ya plastiki ya Spitfire Mk V, kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Bawa hadi bawa itakuwa kama sentimita 15 na nusu. Jenga kiwiliwili na mabawa kama karatasi ya maelekezo inavyosema, ila ziba matundu ya magurudumu kwa plastiki bapa na puti, kisha piga msasa hadi kucha isishike popote.

Hatua ya 2. Mbele weka rafadha yenye mapanga manne badala ya matatu. Chini ya mkia ongeza pezi dogo, kwa sababu maboya yanaongeza ubavu mbele na ndege inataka kuyumba. Watu wengi wanasahau pezi hili, na jicho la mjuzi ndilo linaloanza nalo.

Hatua ya 3, ambayo ndiyo kazi yenyewe: maboya. Yangu yana urefu wa milimita 108 kila moja. Tumbo la boya si laini moja kwa moja kama la mtumbwi. Lina ngazi katikati, yaani mkato unaopanda ghafla, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito wa ndege. Bila ngazi hiyo maji yanalinyonya boya na ndege haiinuki. Ikate kwa wembe, mkato mmoja, usiizungushe na msasa.

Kuyafunga ndiko kunakotoa machozi. Usitumie supaglu hapa: inashika kabla hujapepesa jicho. Ya kwanza niliyojenga, boya moja lilielekea Pemba na jingine Malindi. Sasa napanga visanduku vya kiberiti chini ya mabawa, nalaza rula katikati ya maboya, natia gundi inayokauka taratibu, naangalia kutoka mbele, kutoka juu, kutoka nyuma. Halafu naondoka mezani hadi kesho. Ukiitazama kutoka mbele ikakukumbusha ngalawa na matengo yake, umepatia.

Hatua ya 4. Rangi: juu kijivu cheusi cha bahari na kijivu cha kijani, chini ile rangi hafifu waliyoiita Sky. Alama za duara ziwe bluu na nyeupe tu.

Hatua ya 5. Uchakavu. Maji ya chumvi hayana huruma kwa bati. Kabla ya rangi ya juu, puliza fedha, ikauke, lowesha kidogo mizizi ya mabawa na migongo ya maboya, nyunyiza chumvi, puliza rangi, kisha isugue chumvi kwa brashi kavu. Usizidishe, marubani walikuwa na mafundi.

Maswali ya wanachama

— Fundi, kwa nini umeondoa nyekundu kwenye duara?
Kwa sababu huko India na Burma Waingereza waliiondoa kweli, mpiganaji asiichanganye na jua la Mjapani. Kilindini ikiwa inatazamana na Rufe, wangefanya vilevile.

— Mimi napaka kwa brashi, sina mashine. Chumvi itafaa?
Hapana kaka, brashi itaiburuta yote. Chukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, chovya kwenye fedha, ipunguze kwenye gazeti, kisha gusagusa.

— Maboya nitayapata wapi? Seti ya pili siwezi kununua.
Vijiti vya aiskrimu. Gundisha vinne au vitano, chonga, tia puti, praima mara mbili. Vinatosha urefu, na mbao ni rahisi kukata ngazi kuliko plastiki.

— Shehe, Catalina si zilikuwapo Mombasa? Spitfire ya nini?
Zilikuwapo ndege hizo kubwa za kutua majini, kikosi namba 259 kilizirusha kutoka Kipevu. Lakini hizo ni za kusaka nyambizi, hukaa angani saa nyingi. Ikikutana na Rufe haina mbio za kukimbia. Ila umenipa wazo: weka Catalina nyuma kwenye diorama, nanga imeshuka, na Spitfire mbele ikijazwa mafuta kutoka kwenye mashua.

— Namba ya mkiani niandike ipi?
Yoyote isiyokuwa ya ndege halisi. Uongo wetu ni mmoja, tumeshautumia.