Somo: Chora paneksini kwa mkono wako, hatua kwa hatua

Kila muhula nikifika mada hii darasa linapoa. Jina linatisha, picha za vitabuni zina rangi chungu nzima, na mtu anaamua kukariri. Usikariri. Chukua karatasi, penseli na kifutio, tuchore pamoja.

Kwanza jina. Mwaka 2000 Yuri Panchin na wenzake wa Moscow walionyesha kwamba hata binadamu ana protini za ukoo mmoja na zile ambazo wadudu huunganishia seli zao. Ni protini zinazotengeneza matundu kwenye utando, yaani ukuta mwembamba wa seli. Wakaziita paneksini: "pan" ni Kigiriki, yaani zote, na "nexus" ni Kilatini, yaani kiungo. Tunazo tatu. PANX1 iko karibu kila mahali mwilini, PANX2 imejaa zaidi kwenye ubongo, PANX3 kwenye ngozi, mifupa na gegedu. Leo tunachora ya kwanza tu, maana ndiyo yenye visa vingi.

Hatua ya 1: utando wa seli. Chora mistari miwili sambamba. Chini andika NDANI, juu andika NJE. Ndani jaza nukta mpaka karatasi ichafuke: hizo ni ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Nje weka moja, basi. Nukta hizo si mapambo. ATP iliyo ndani ya seli ni zaidi ya mara laki moja ya ile iliyo nje, kwa hiyo tundu likifunguka hakuna haja ya kuisukuma. Ikiwa ndani ni nishati. Ikishavuka ni ujumbe.

Hatua ya 2: tundu. PANX1 moja ni mnyororo wa amino asidi 426 unaopenya utando mara nne, ncha zake zote mbili zikibaki ndani. Moja peke yake haifanyi tundu. Panga saba kwa duara, kama watoto walioshikana mikono. Ndiyo, saba! Miaka mingi tulifundisha sita, na mimi nimo, mpaka picha za hadubini ya elektroni za mwaka 2020 zilipotuumbua. Upande wa nje ongeza vijisukari vilivyoning'inia. Hivyo ndivyo vinavyozuia tundu la seli hii lisigande kwenye tundu la seli jirani.

Hatua ya 3: mkia na mkasi. Hapa tulia. Kila PANX1 ina mkia unaoning'inia ndani na kuziba tundu. Chora mkia, kisha weka alama ya mkasi karibu na ncha. Mkasi huo ni vimeng'enya viwili, kaspasi 3 na kaspasi 7, ambavyo huamka seli inapojiua kwa utaratibu. Mwaka 2010 maabara moja ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ilionyesha kinachofuata: mkia unakatwa, tundu linabaki wazi, ATP na nduguye UTP zinamwagika nje. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Seli walaji huifuata harufu hiyo mpaka kwa marehemu na kummeza kabla hajaoza. Mabilioni ya seli hufa ndani yako kila siku na husikii lolote, na tundu hili ni sehemu ya sababu. Mwaka 2020 ikaonekana pia kwamba hazitoki ATP peke yake: molekuli nyingine hupita humo na kuzituliza seli za jirani, uvimbe usiwake.

Hatua ya 4: kufungua bila mkasi. Chembe nyekundu ya damu ikibinywa kwenye mshipa mwembamba, au ikikosa oksijeni, hutoa ATP na mshipa hutanuka. Kwenye misuli ya mishipa mingine mambo ni kinyume: noradrenalini, kemikali ambayo neva hutumia kuamrisha mishipa, hufungua PANX1 na mshipa hubana, presha ikapanda. Tofauti na mkia uliokatwa, milango hii hujifunga tena. ATP ikizidi nje, yenyewe huifunga.

Hatua ya 5: mlango uliofunguka wakati si wake. Mwaka 2013, kwa panya, watafiti waliona wimbi la umeme linalotangulia kipandauso likifungua PANX1 za neva, uvimbe ukawaka, maumivu yakafuata. Mwaka 2017, kwa panya waliozoeshwa mofini, kuizuia PANX1 ya seli za kinga za uti wa mgongo kulipunguza mateso ya kuacha dawa. Imehusishwa pia na degedege za kifafa, na VVU navyo huitumia vinapoingia kwenye seli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nasumbuliwa na kipandauso. Kuna dawa ya kuufunga huo mlango?*
Marahaba. Probenesidi, dawa ya zamani ya jongo, inaufunga. Spironolaktoni ya presha pia. Lakini zote mbili zina kazi nyingine nyingi mwilini, na ushahidi wa kipandauso niliotaja ni wa panya. Usimeze kwa sababu ya somo hili. Isitoshe, mlango huo huo ndio unaowaita wasafishaji wa hatua ya 3.

*Dada yangu alijaribu kupandikiza mimba. Mayai yalitolewa mazuri, yakafa maabara. Inahusiana?*
Pole kwake. Mwaka 2019 watafiti wa China walieleza familia nne ambazo mayai yalikufa hivyo kwa sababu ya kasoro kwenye jeni ya PANX1: vile vijisukari vya hatua ya 2 vilivurugika na ATP ikavuja. Ni nadra sana, na mayai hufa kwa sababu nyingi. Anaweza kumwuliza daktari wake wa uzazi kuhusu kipimo cha jeni. Na familia isianze kumlaumu mama mzazi, maana kasoro ya namna hii hurithiwa hata kwa baba asiye na dalili yoyote.

*Tofauti yake na koneksini?*
Koneksini ni protini nyingine za matundu, nazo huunganisha seli na seli. Paneksini kwa kawaida hufungulia nje tu. Angalia vijisukari vyako.

*Notisi za kaka yangu zinasema sita. Mtihani ni Alhamisi. Niandike ngapi?*
Andika saba, na pembeni andika "2020". Msahihishaji akikukata, njoo naye ofisini kwangu.